Namba ya Sajenti Ojera

Siku ya mapumziko, Sajenti Ojera alivaa sare na kupiga kiwi viatu, maana alitaka watu wa supamaketi wajue wanaongea na mtu wa serikali. Binti yake Amito alikuwa mbele, bahasha ya kadi kaikumbatia kifuani, hata kumngoja baba hataki.

Supamaketi ya Tausi, pale Nakawa, ilikuwa imetangaza kwamba mtoto atakayeleta seti kamili ya kadi za wachezaji wa mpira ataingizwa kwenye mazoezi ya likizo, na huko makocha watachagua wa kusomeshwa bure. Amito alikuwa nyumbani tangu muhula uliopita kwa kukosa karo. Uwanjani, mguu wake wa kushoto ulikuwa balaa. Wavulana wa kambi ya polisi walijua, wengine mpaka leo wanachechemea. Lakini mama yake, Anena, aliyeuza nyanya soko la Kalerwe, alishasema wazi: shule isipopatikana, mtoto aje wauze pamoja. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea seti.

Kadi hizo zilimtoa Amito jasho. Ziliuzwa kaunta, ndani ya pakiti iliyofungwa, na hujui umenunua nani mpaka uichane. Alifulia nguo nusu ya kambi ili alipwe pakiti. Alibadilishana na watoto wa maofisa, akabembeleza, akagombana. Kadi ya dhahabu, ya golikipa, ilipatikana mwisho kabisa, na Anena akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Ojera naye akataka kufanya lake. Kambini, beseni lisiloandikwa huhama, shati lisilo na namba huvaliwa na mwingine mchana kweupe. Kwake kila kitu kilikuwa na namba yake ya kazi, mpaka mwiko wa ugali. Kwa hiyo jana, Amito alipokwenda kuteka maji, baba alichukua kalamu ya wino usiofutika, akaandika namba kwenye kila kadi, kifuani pa mchezaji, mahali ambapo mwizi hawezi kujifanya hajaiona. Kisha akazitia kwenye bahasha, akaifunga kwa uzi, akamwambia mtoto asiifungue njiani.

Kaunta alikuwepo Rahmah, binti wa Kinubi. Alikata uzi huku akitabasamu, na tabasamu likaishia hapo.

“Banange! Afande, nani ameandika hizi?”

“Ni mimi. Iyo namba yangu,” Ojera alisema kwa fahari, maskini ya Mungu. “Sasa hata mwizi akichukua, atasema nini?”

“Kadi iko na maandishi, kampuni inakataa. Hata mimi naumia, wallahi.”

Amito alimgeukia baba yake. “Ata ya dhahabu uliandika?”

Alikuwa ameanza na hiyo.

Rahmah alikuwa na roho nzuri. Alileta spiriti na pamba, akasugua taratibu. Namba ilibaki palepale. Uso wa golikipa ndio uliofutika. Meneja aliitwa, akatazama, akatikisa kichwa, akarudi ofisini kwake.

“Mimi ni sajenti,” Ojera alisema. Nyuma yao mama mmoja na mwanawe walikuwa wanangoja zamu, seti yao mkononi, safi.

Nje, Ojera alimwambia mtoto, “Tutatafuta zingine.”

Ojera alitamani mtoto alie, amfokee, amtupie kadi zote usoni, hayo angeyaweza. Aibu ilimchoma mpaka akavua kofia bila kujua. Walivuka barabara, wakatembea kipande kirefu.

“Baba.”

“Sema, mwanangu.”

“Mama anaamukaga saa ngapi, akienda Kalerwe?”

“Saa kumi.”

“Basi uniamushe na mimi.”