Kipande cha Ndara

Kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, trekta la Bernadeta lilirudi katika karakana ya Donati, Katindiuka, likivuja mafuta kwenye tairi la nyuma.

"Shikamoo, fundi. Majirani wote wamekwisha kulima," Bernadeta alisema. "Sili ikipasuka tena, nampelekea fundi wa Mlimba."

"Marahaba," alijibu Donati, akainama kulikagua tairi. Sili mbili alizofunga, zile raba za kuzuia mafuta, zilikuwa mpya. Kitabu cha kiwanda kilisema tu: mafuta yakivuja, mwone wakala. Wakala alikuwa Dar es Salaam.

Mkewe Theodosia, mwalimu mstaafu, alitoka na kitabu kingine. Alikuwa amemnunulia mumewe wakati wa Pasaka. Kiliandikwa kwa Kiingereza na mafundi wasio wa kiwanda, waliofungua trekta la aina hiyo boliti kwa boliti. Donati alikitumia kufunikia ndoo ya grisi.

"Hao hawakuunda hata nati moja ya trekta hili," alinung'unika.

"Ndiyo maana hawana sababu ya kukuficha kitu, Baba Agapiti. Kaa."

Alifuta jalada kwa kanga, akasoma na kutafsiri. Kabla ya kubadilisha sili, hakikisha tundu la kupumulia la giaboksi liko wazi. Likiziba, hewa ya moto hukosa njia, husukuma mafuta, na sili hupasuka.

Donati aliutazama mchoro wa tundu hilo kitabuni. Wakati wa masika, kabla ya trekta kuvuka mbuga iliyofurika, alikuwa ameliziba tundu hilo kwa kipande cha ndara ili maji yasiingie. Mafundi wa bondeni hufanya hivyo. Yeye alisahau kukitoa.

Aliingia chini ya trekta, akakichomoa. Mkono wake ulikwenda nacho mfukoni, ukasita. Kisha akakiweka kwenye kiganja cha Bernadeta.

"Kosa ni langu."

Bernadeta alikigeuzageuza. "Nami nilikuwa namlaumu dereva wangu. Kumbe trekta limevaa ndara."

Sili ya tatu, aliyoifunga siku hiyo, haikudondosha hata tone. Kufikia Jumamosi shamba lilikuwa limelimwa.

Jumapili, baada ya misa, Theodosia alikuta ndoo ya grisi imefunikwa kwa sahani kuukuu. Kitabu kilikuwa kitandani, upande wa Donati. Pembeni mwa mchoro palikuwa na mwandiko wa penseli: "Huku kwetu tunaziba kwa ndara. Toa kwanza." Chini yake: "Nimesomewa na Mwalimu."