Sanduku la Diski Kumi na Tano

Sanduku lilitengenezwa na Luhende, fundi wa kuchomelea aliye nyuma ya soko la Bariadi, ambaye kazi yake kubwa ni masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Mjukuu wangu wa kike, Nyanjige, alimpelekea mchoro uliopimwa hadi nusu sentimita: urefu kama wa sanduku la shule, kimo kifupi zaidi, matundu ya feni tatu upande wa mbele, matundu ya kutolea joto upande wa nyuma. Luhende akauliza kufuli likae wapi. Nyanjige akamwambia halina kufuli. Luhende akasema basi hilo si sanduku, ni jiko.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Bariadi iwe makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Bidhaa zilikuwa zinaingia mjini kila siku, na simu za kupiga picha zilikuwa mikononi mwa kila mtu. Watu walipiga picha mpaka simu zikajaa, kisha simu ikatumbukia chooni au ikaibwa mnadani, na picha zote zikaenda nayo. Nyanjige aliwaona watu hao kila siku kwenye duka lake la kutoa kopi na kuchapa barua. Walikuja kumuuliza kama anaweza kuzirudisha, na hakuweza.

Yalikuwepo makampuni ya nje ya kuhifadhi mambo hayo kwa njia ya mtandao, lakini yalitaka kulipwa kwa kadi ya benki, tena kwa dola, na kwetu huku nani alikuwa nayo? Nyanjige alichunguza akaona kwamba diski zenyewe za kompyuta si ghali. Kilicho ghali ni kabati la kuzipanga, ambalo wakubwa wa biashara hiyo wanaliuza kwa bei ya kununulia zizi la ng'ombe. Akasema kabati atalitengeneza mwenyewe, diski atanunua za kawaida kutoka Kariakoo, na watu wa Bariadi, Maswa na Mwanhuzi watamlipa kidogo kidogo kwa simu awatunzie picha zao.

Diski zilikuwa kumi na tano. Zilisimama wima ndani ya sanduku kama vitabu, na kila moja ilivikwa mipira miwili niliyoikata mimi kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, upana wa kidole kidogo, kwa wembe. Mipira thelathini, hakuna iliyozidi mwenzake. Nyanjige alinieleza kwamba diski ikizunguka hutetemeka, na zikiwa nyingi pamoja bila mpira hutetemeshana hadi zikaumizana.

Sanduku likawekwa sebuleni kwangu. Duka lake liko kwenye barabara ya malori ya pamba, na tangu wanunuzi binafsi waanze kushindana, msimu ukifika nyuzi za pamba hupepea huko kama mvuke. Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma, ina dari, na jua la mchana haliingii ndani. Nikawa mchungaji wa diski. Kila diski ilikuwa na taa yake ya kijani. Nyanjige alizipa namba, mimi nikazipa majina ya ng'ombe wa baba, kwa kuwa namba ningezichanganya. Ya nne ilikuwa Mabaka. Ya kumi na moja ilikuwa Kipembe.

Nilimuuliza mara moja, diski moja ikifa, picha zilizomo si zimekufa? Akasema hapana. Kila picha anaikata vipande, anavigawa kwenye diski zote, na vipande vya akiba juu yake. Zikifa mbili, zilizobaki zinaijenga picha upya. Zikifa tatu, ndiyo basi. Hilo sikuhitaji kurudiwa. Baba yangu hakuweka ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine walikuwa kwa shemeji yake huko Mkula, wengine kwa rafiki yake huko Meatu, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimwache mikono mitupu.

Mteja wa kwanza alikuwa Maganga, mpiga picha wa Maswa. Alikuwa na picha za miaka kumi na moja: harusi, komunyo ya kwanza, misiba, wazee waliokuja kupigwa picha mara moja tu maishani mwao. Zilichukua wiki tatu kufika zote kwa mtandao. Mwezi mmoja baadaye wezi walivunja studio yake, wakabeba kompyuta na kila kitu kilichokuwa kwenye droo. Alimpigia Nyanjige akauliza neno moja tu, kama zake zipo. Nyanjige akasema zipo. Wakapatana kwamba Jumamosi aje na kompyuta mpya azichukue. Kwa hiyo picha zile zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu duniani, nazo zilikuwa pembeni ya kochi langu.

Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa zamu yangu kupokea jumuiya yetu ya sala. Nyanjige alikuwa Mwanhuzi, huko Meatu, tangu jana yake, akitafuta wateja. Nilifagia, nikapanga viti, nikatandika vitambaa vyangu vya kudarizi kwenye makochi, kwenye meza, kwenye redio. Halafu nikalitazama lile sanduku. Bati tupu, alama za kuchomelea zinaonekana, katikati ya sebule, na Felisita, mwenyekiti wetu, anakuja. Nikatoa kitambaa kikubwa, kile cha maua mekundu nilichodarizi miezi minne, nikalifunika. Nyanjige alikuwa ameniambia nisiweke kitu mbele ya feni. Mbele sikuweka. Nyuma ndiko kilikoning'inia hadi chini.

Tulisali rozari, tukasoma, tukanywa chai. Felisita alikisifu kitambaa, akauliza kama ni meza mpya. Walipoondoka nilikiacha, maana kilipendeza.

Ijumaa asubuhi taa ya Mabaka ilikuwa nyekundu. Saa nne, Kipembe naye. Nikapeleka mkono chini ya kitambaa, nikakuta bati limechemka kama sufuria. Nilikivuta haraka, nikakikunja, nikakiweka kabatini, nikampigia Nyanjige. Aliniambia nisizime, nifungue milango yote, anakuja. Kuhusu kitambaa sikusema.

Alifika saa nane na vumbi la Meatu kwenye nyusi. Alichomoa diski mbili zilizokufa, akaingiza mbili za akiba, akaiamrisha kompyuta ianze kujenga upya. Ingemaliza kesho yake mchana. Hadi hapo, ikifa moja tu zaidi, picha za Maganga hazipo. Kisha akakaa chini sakafuni, akaanza kujihukumu. Huenda diski za kawaida haziwezi kukaa hivyo. Huenda Luhende alitoboa matundu madogo, au mchoro wenyewe ulikosewa. Huenda wale wakubwa wana sababu ya kuuza ghali.

Nikamwambia ale kwanza. Akasema hana njaa.

"Zikipona hizi, namrudishia Maganga zake nafunga," akasema. "Nitabaki na kopi zangu. Sanduku nitampa Luhende auze kwa mwanafunzi."

Nilienda kabatini. Nilirudi na kitambaa nimekishika kwa mikono miwili kama nguo ya mtoto mchanga.

"Mchoro wako hauna kosa, mama," nikasema. "Nililivisha hiki. Tangu jana mchana."

Alikitazama kile kitambaa. Akauliza lilivishwaje, nikamwonyesha. Akauliza kwa nini.

"Jumuiya ilikuwa inakuja."

Aliweka uso magotini, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani analia. Nilipoinama nikaona anacheka, machozi yanatoka vilevile. Akasema saa ishirini, bibi, saa ishirini ndani ya blanketi, na zimekufa mbili tu. Akalirudia hilo mara ya pili, polepole, kama mtu aliyeambiwa habari njema na mtu mwingine. Ndipo akaomba ugali.

Jumamosi Maganga aliingia saa tatu asubuhi, mtu mrefu, kompyuta mpya kifuani. Alinisalimu kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, nikaitikia, nikamkaribisha kiti. Nyanjige alitaka kueleza yeye, lakini kosa lilikuwa langu, nikalieleza mwenyewe, na kitambaa nikamwonyesha. Akatazama kompyuta ya Nyanjige, ilikuwa imeandika themanini na moja kwa mia.

"Mama yangu," akasema hatimaye, "alifunika televisheni kwa kitambaa cha pembe tatu. Mtangazaji wa habari tulimjua kuanzia pua kwenda chini."

Kisha akasema atasubiri, na hakutania tena.

Saa saba jua lilipokaa juu ya mabati, joto la diski ya saba likaanza kupanda. Nyanjige aliitazama namba ile bila kupepesa. Feni ya mezani ilikuwa inavuma tayari. Nililoweka khanga mbili, nikazitundika kwenye dirisha upepo unakoingilia, kama tunavyofanya siku za kupoza maziwa, na Maganga akawa anazilowesha upya kila zikikauka, bila kuambiwa. Namba ilisimama. Ikakaa hapo hapo. Ikashuka moja.

Saa tisa na dakika chache kompyuta ikaandika mia. Taa kumi na tano, zote kijani. Nilizihesabu kwa kidole.

Maganga hakuanza kunakili. Kwanza alifungua picha moja, akafungua nyingine. Bibi harusi amekaa kwenye stuli ya bluu. Mzee na baiskeli mpya bado ina karatasi kwenye fremu. Mapacha waliovalishwa magauni ya kitambaa kimoja, mmoja amekasirika. Alituambia kila mmoja ni nani na anaishi wapi sasa, na wale wasioishi tena. Tuliketi hivyo hadi chai ikapoa. Alipoondoka alimwambia Nyanjige nakala atabeba, lakini za kwenye sanduku zibaki palepale, na kwamba ana wenzake watatu Maswa atawaambia.

Jumatatu tulikwenda wote wawili kwa Luhende kuagiza sanduku la pili. Mchoro ulikuwa uleule, isipokuwa kifuniko: hiki kilikuwa na mgongo katikati na mteremko mkali pande zote mbili, kama paa la nyumba. Nyanjige alieleza kwamba masanduku haya yatakaa kwenye majumba ya watu, na kila sebule ya Bariadi ina mwenye vitambaa vyake.

Luhende aliugeuza mchoro huku na huku. Akauliza kama hili litakaa nje, maana linaonekana linaogopa mvua.

"Mvua haliogopi," Nyanjige akasema. "Linaogopa bibi."

Luhende akanitazama, akanipa stuli nikae, akaanza kupima bati.