Kuanzia Shingoni

"Kuna kitu?" daktari aliuliza, kalamu mkononi.

Mwanamke ambaye maabara nzima ilimwita Mama Panya aliendelea kupapasa. Panya mweupe alikuwa ametulia kiganjani mwake. Kila wiki aliwapapasa wote hivyo, kidole gumba huku, cha shahada kule, kuanzia shingoni hadi mkiani, akitafuta uvimbe. Panya hao walipakwa mgongoni kemikali za viwandani ili ijulikane kama zinaleta saratani. Kemikali ipi, yeye hakuambiwa. Chupa ya kizimba hiki ilifungwa utepe mwekundu, basi.

Lakini pua ni pua. Chupa ile ilinukia ndizi zilizoiva kupita kiasi, na mafuta ya taa kwa mbali. Ndiyo harufu aliyokuwa akiifua kwenye mashati ya mumewe tangu alipoanza kubandika soli kwa gundi kwenye kiwanda cha viatu.

Na sasa, chini ya kwapa la panya huyu, kulikuwa na kitu kigumu kama mbegu ya chungwa.

"Hakuna," alisema.

Daktari akaandika. Mama Panya akamrudisha panya kizimbani. Alikuwa kama mtoto anayefumba macho akidhani haonekani: uvimbe usipoandikwa, gundi itakuwa salama, na baba watoto naye salama.

"Daktari, hii ya utepe mwekundu si gundi kweli?"

"Hata mimi sijui, mama. Tukijua, tutaona tunachotaka kuona."

Alisema kwa upole tu, wala hakumtupia jicho. Hata hivyo uso wa Mama Panya uliwaka moto, na siku nzima hakula kitu.

Jioni mumewe alivua shati, akakaa kwenye stuli na kumpa mgongo kama kawaida yake.

"Nikune, Mama Panya. Ila taratibu, mwenzio sina mkia."

Mkewe alicheka, kicheko cha mdomoni tu. Akakuna. Halafu vidole vikaacha kukuna. Vikapanda shingoni vyenyewe, vikaanza kushuka, gumba huku, shahada kule. Bega. Ubavu. Chini ya kwapa.

"We! Unanitekenya!" Mume alijikunja kwa kicheko. Vidole havikuondoka. Vilikuwa vimesimama palepale, na kicheko kikamwishia kidogo kidogo.

"Vipi? Kuna kitu?"

Lile neno la asubuhi lilikuwa tayari ulimini, jepesi, linasubiri kutoka. Akamkumbuka panya aliyemwacha kizimbani na uvimbe wake ambao haukuandikwa. Akalimeza neno. Liligoma kushuka.

"Mke wangu?"

"Inua mkono, baba watoto," alisema. "Usicheke."

Akapangusa viganja kwenye kanga, akaanza upya, kuanzia shingoni.