Kimono ya Arusi Chini ya Kofia

Asubuhi ya kupima kofia ya nyasi ya mungu wa mtaa, Chizuru aliuacha wali wake, akaenda kuikagua tena mishono. Kwa miaka arobaini, kila mwaka kofia mpya ilishonwa na bibi yake, Kiyono. Mwaka huu vidole vya bibi viligoma, sindano ikamwangukia mjukuu. Ikivuja, kofia ya maandamano ingeagizwa mtaa wa pili, na mtaa wao wote wa Kasanui ungetembea shingo imeinama.

Desturi ni moja: mkaguzi huivaa kofia, akaketi uani mwa hekalu, na kuhani hummwagia maji kata saba. Wakaguzi wote huja na nguo kuukuu na taulo shingoni, maana siku hiyo fundi haaminiwi na mtu.

Bibi Kiyono, mkaguzi wa mwaka huu, akaingia langoni amevaa kimono ya arusi yake, hariri nyeusi yenye korongo weupe. Ua mzima ukageuka kumtazama.

"Bibi, nakuomba, nenda kabadili nguo," Chizuru alimnong'oneza.

"Nivue wapi, hapa mbele ya kuhani? Mwenyewe mjane, atapata mawazo."

Kuhani Munakata akakohoa. Mzee Heihachi, aliyechonga mifupa ya mianzi ya kofia hiyo, alicheka hadi akashika nguzo.

"Kiyono, hariri hiyo ikilowa ndiyo basi tena."

"Ikilowa, ni mifupa yako imepinda. Mshono naujua, nimelala nao chumba kimoja miezi mitatu."

Kata ya kwanza ikashuka. Maji yakateleza juu ya nyasi, yakaanguka pembeni kama pazia la shanga. Ya pili. Ya tatu. Chizuru alihesabu kwa vidole. Ya saba ikaisha, na chini ya kofia kukawa kimya.

"Bibi?"

Mkono mkavu ukachomoza. "Munakata, umeshachoka? Si ndoo ile pale?"

Ndoo nzima ikamwagwa. Waliosimama mbele wote wakalowana. Heihachi alilowa hadi soksi. Korongo wa bibi hawakuguswa hata na tone.

Ngoma zikaanza kulia bila kuamriwa na mtu. Bibi akaivua kofia, akaipindua, akapitisha kidole ndani, mzunguko mmoja wa mshono baada ya mwingine, uso kaukunja.

"Mzunguko wa tisa umelegea," akasema. "Mwakani uukaze."

"Mwakani?"

"Ulidhani atashona nani? Heihachi?"