Baada ya Saba, Nani?

Jokofu la tisa lilikufa, na mtambo wa kompyuta wa kuyaangalia majokofu ukaendelea kusema yote mazima.

Dada yake fundi ndiye aliyegundua, tena kwa pua. Alifungua mlango wake asubuhi, akapigwa na joto na harufu ya viazi vilivyooza. Vilikuwa viazi mbegu vyake, alivyovipata kwa kuchavusha maua msimu baada ya msimu, hadi akafikia aina isiyoshikwa na ukungu. Havikuwapo kwingine duniani ila humo.

Alimpigia simu mdogo wake, yule fundi, aliyeuandika mtambo ule mwenyewe na kujisifu nao kwenye kila harusi ya ukoo.

"Bwana Taa," alimwita kwa jina la utani alilompa yeye, "taa yako ya kijani bado inawaka. Njoo uione."

Fundi alikaa juu ya kreti katikati ya ghala, kompyuta mapajani. Dada ameliinamia la tisa, anachambua trei. Mtambo ulikuwa na jedwali, kila jokofu na mstari wake, na kazi yake ilikuwa kuzunguka ukiuliza: wewe hujambo? Na baada yako nani? Fundi aliusoma juu chini, asione kosa. Majokofu yalinguruma polepole, mvuke ukatambaa sakafuni kama maziwa yaliyomwagika, kope zikawa nzito.

Ndotoni akayaona majokofu yameketi kwenye benchi refu, wagonjwa weupe wenye mablanketi magotini. Muuguzi alipita akiwajulia hali mmoja mmoja. Baada ya wa sita akakuta nafasi tupu, akasimama, akauliza wa saba yuko wapi. Hayupo. Basi akafunga kalamu, akazima taa, akaenda zake. Huko gizani wa nane alikohoa. Wa tisa alikuwa akitokwa jasho, mkono juu, akingoja kuulizwa.

Fundi alizinduka, shingo imekakamaa.

La saba liliharibika zamani kidogo, wakalitoa. Kengele yake iliendelea kulia, ikamkera, naye akaufuta mstari wake kwenye jedwali. Maiti haina homa, alimwambia dada siku ile, wakacheka wote. Lakini ili mtambo usilemewe, alikuwa ameufundisha kuuliza kwa mikupuo miwili: kwanza hadi saba, kisha kuanzia anayemfuata saba. Mkupuo wa pili ulimtafuta saba kwanza, ukamkosa, ukasema wamekwisha. Na asiyeulizwa, taa ilimhesabu mzima.

Akaurekebisha: usimtafute saba, mtafute wa kwanza anayemzidi saba. Akauliza upya. La nane lilijibu, baridi yake salama. Kisha la tisa, kwa utiifu kabisa, likataja joto lake: nyuzi ishirini na tisa.

"Limejibu," alisema fundi.

"Halikukataa kujibu, mdogo wangu," alisema dada bila kugeuka. "Hukuliuliza."

Fundi aliweka kompyuta chini, akapiga magoti kando yake. Wakachambua pamoja hadi trei ya mwisho.

Trei kumi na mbili zilikwenda shimoni, na misimu sita ya kuchavusha pamoja nazo. Vilipona viazi vitatu, vidogo kama gololi, kila kimoja na jicho moja la kuchipua.