Barua ya Kumwombea Paka Idhini

Jengo zima lilimwita Mzee Nakala. Miaka thelathini na moja ya ukarani mahakamani ilimwachia ugonjwa mmoja: hakuamini jambo mpaka liandikwe, lisainiwe, na nakala yake ibaki kwenye jalada. Hata orodha ya sokoni aliiandika mara mbili. Binti yake, fundi cherehani aliyeishi naye ghorofa ya nne, alikuwa akimcheka tu, mpaka Jumatatu ile alipofungua jalada la mkataba wa fleti akakuta karatasi mpya.

"Baba, hii nini?"

"Barua. Nimeiandikia kampuni yenye jengo, namwombea Hakimu idhini."

Hakimu alikuwa paka. Aliingia nyumbani mwaka aliofariki mama, na tangu siku hiyo mzee akaanza tena kula, akaanza tena kuongea. Lakini fleti ile waliinunua kwa mkataba wa miaka tisini na tisa, na kifungu cha kumi na saba hakikuumauma maneno: mkazi hatafuga mnyama wala ndege bila idhini ya maandishi, akikiuka, mkataba utavunjwa. Wakazi wote walikijua kifungu hicho, na wote walikuwa wamekubaliana, bila kikao, kujifanya hawakijui.

"Miaka mitatu, Baba. Nani amewahi kuuliza?"

"Ndiyo maana nimeuliza mimi. Siwezi kuishi na Hakimu kama mali ya wizi."

"Na haya huku chini?"

"Hiyo mifano. Ombi lisilo na mfano hutupwa kapuni, mwanangu. Lazima uonyeshe kwamba si wewe wa kwanza."

Fundi alisoma tena, polepole. Kasuku wa muuguzi, ghorofa ya tatu, mlango wa pili, kijivu, mkia mwekundu. Kijibwa cha dereva wa lori, ghorofa ya tano, kipofu wa jicho moja. Yote kwa mwandiko safi, bila neno lililofutwa.

"Umeshaipeleka?"

"Ijumaa. Wamesaini kupokea."

Jumatano wanaume wawili wenye vitambulisho vifuani walipanda ngazi na karatasi mkononi. Kwa mzee hawakugonga. Waligonga ya tatu, wakagonga ya tano. Kasuku aliyezoea kuwaamuru wapita njia wavue viatu akabebwa na tundu lake. Dereva alishuka na kijibwa kifuani, amekifunika kwa shati. Alirudi na shati.

"Wamejuaje?" muuguzi alimuuliza fundi kwenye ngazi. "Mpaka mkia, mwenzangu. Walikuwa wanasoma."

"Sijui," fundi alijibu, akapanda ngazi haraka.

Ijumaa jibu lilifika. Msimamizi wa jengo alimkabidhi mzee barua yake, kisha akabandika nakala kwenye ubao wa chini, kwa taarifa ya wakazi wote. Idhini imetolewa kwa paka mmoja wa ghorofa ya nne, kwa kuthamini msaada wa mkazi katika kuwabaini wakiukaji. Idhini ni ya paka huyo pekee, na itakoma siku atakapokufa.

Fundi aliteremka mbio kuibandua. Muuguzi na dereva walikuwa wamesimama mbele ya ubao, bega kwa bega, watu ambao kwa kawaida hawaamkiani. Hawakugeuka. Dereva alisoma mstari wa mwisho kwa sauti, kisha akaurudia taratibu, kama mtu anayekariri.

Kwa siku mbili hakuna aliyewasalimia. Mzee alisema watapoa.

Jumapili asubuhi alifungua mlango kuchukua gazeti. Fundi, aliyekuwa akipiga pasi sebuleni, alimsikia akicheka.

"Njoo uone. Si nilikwambia mambo yakienda kwa maandishi watu huelewa?"

Mkononi alishika sahani iliyoachwa mlangoni. Samaki aliyetolewa miiba yote, akakatwa vipande vidogo vya kutosha mdomo wa paka. Kwenye ngazi hapakuwa na mtu. Hapakuwa na redio, hapakuwa na mtoto anayelia. Jengo zima lilikuwa limebana pumzi.

Hakimu alijisugua miguuni pa mzee, mkia juu, akilia njaa.

"Baba," fundi alisema, akiiacha pasi juu ya nguo, "usiiweke chini hiyo."

Mzee alikuwa ameshainama.