Sambusa Nne kwa Althea

Katika kundi la WhatsApp la akina dada Wakenya wanaofanya kazi za ndani mtaa wa Malaz, Riyadh, Risper ndiye aliyekuwa mhakiki. Cheo hicho hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, kama wengine walivyojipa ufundi wa kusuka au wa kujua ni nani amehama kafili, mwajiri mdhamini wake, na kwa nini. Kila alipomaliza kitabu cha katuni kutoka Ufilipino alirekodi ujumbe wa sauti, akasimulia hadithi, akasifu, akaponda, kisha akatoa alama kwa sambusa. Tano ndiyo ilikuwa alama ya juu, na hakuna msanii aliyewahi kuipata. "Mama Joy ni mkali kuliko mwalimu wa hesabu," wenzake walilalamika, lakini ujumbe ukichelewa walikuwa wa kwanza kuuliza kama anaumwa.

Ugonjwa wenyewe wa katuni aliambukizwa na Marivic, yaya Mfilipino aliyelala naye chumba kimoja nyuma ya jiko. Marivic alikuwa mkubwa kwake, kwa hiyo Risper alimwita Ate, kama Wafilipino wanavyomwita dada mkubwa. Binamu wa Marivic aliyekaa Manila ndiye aliyemtumia vitabu hivyo, na havikuwa vile vya makampuni. Vilikuwa vya vijana wanaochora wenyewe chumbani, wakatoa fotokopi, wakabana kwa stepla na kukaa mezani kwenye maonyesho wakimwomba kila apitaye aangalie bure. Wino wa vitabu hivyo ulibaki vidoleni. Marivic alisoma Kitagalogi, akatafsiri kwa Kiingereza kilichotiwa Kiarabu cha jikoni, huku Risper akigeuza sambusa kwenye karai na kuunguza chache kwa sababu ya utamu wa hadithi.

"Angalia mikono kwanza," Marivic alimfundisha. "Hakuna kitu kigumu kuchora kama mkono. Msanii mvivu utamjua, watu wake wote wameweka mikono mfukoni."

Tangu siku hiyo Risper hakusamehe mfuko wowote.

Kisha dada wa madam wao, anayeishi Al-Nuzha kule Jeddah, akajifungua mapacha, na Marivic akapelekwa kwake kwa muda tu. Muda huo ukawa hauna mwisho. Wenye nyumba hugawana watu kama wanavyoazimana sufuria, na sufuria angalau hurudishwa. Kitanda cha Marivic kilibaki na blanketi lililokunjwa, na Risper alimkumbuka hadi akajishangaa, kwa maana huyu hakuwa ndugu yake wala mtu wa kwao. Alikumbuka sauti yake ikitafsiri, na vile alivyocheka kabla ya kufika penye kichekesho. Walitumiana ujumbe kila siku, lakini ujumbe haukai kando yako ukimenya vitunguu.

Siku moja Duncan, dereva wa nyumba, aliporudi kutoka Jeddah alikompeleka baba mwenye nyumba, aliingia jikoni na bahasha ngumu.

"Mfilipino wako amenipigia simu njia nzima," alisema. "Ati nisiikunje, nisiiweke kwa jua, nisiikalie. Kwani ni dhahabu, Mama Joy?"

Jibu lilikuwa kwenye simu. Marivic alikuwa ameacha ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya chini, ya mtu aliyejifungia bafuni.

"Ndani kuna kitabu cha Althea wangu. Chake cha kwanza. Binamu anasema kinahusu mama aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo. Risper, sijakifungua. Siwezi. Nisomee wewe. Kama mtoto ananitukana, niambie Duncan alikipoteza njiani, na mimi sitauliza tena."

Risper alimjua Althea kwa picha iliyokuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Marivic alimwacha akiwa na miaka minne, analelewa na bibi, na sasa alikuwa mwanafunzi wa chuo. Mama alimwandikia barua nzima kwenye simu, na binti alijibu kwa alama ya dole gumba. Hakuna "mama", hakuna "habari", ni dole gumba tu. Marivic aliishi kwa dole gumba hilo mwaka baada ya mwaka, akilifungua na kulifunga kama mtu anayeangalia ugali kama umeiva.

Alasiri, vyombo vya chakula cha mchana vilipokwisha na madam alipokwenda kulala, Risper alinawa mikono, akaikausha vizuri na kufungua bahasha. Kitabu kilikuwa chembamba. Hakikuwa na neno hata moja ndani, jambo lililompa nafuu, maana Kitagalogi chake kiliishia kwenye salamu na matusi mawili.

Kulikuwa na mlango, na mbele ya mlango mtoto wa kike. Bibi kizee anaingia. Mtoto anaushika mkono wake, anainama na kuuweka kwenye paji la uso, mgongo wa mkono ukigusa ngozi. Bibi anapita. Anaingia mwanamke mnene mwenye mkufu wa msalaba, na mtoto anafanya vilevile. Kisha mwalimu, kisha mzee mwenye mkongojo. Mtoto anarefuka, gauni linakuwa fupi, kisha linabadilika kuwa sare ya shule, na kila anayeingia anashikwa mkono, unapelekwa pale pale kwenye paji. Ukurasa wa mwisho mlango unafunguka, na hapo amesimama mwanamke mwenye sanduku na katoni kubwa iliyofungwa kwa utepe wa gundi. Amenyoosha mkono. Msichana amesimama wima mbele yake, uso juu, mikono yake yote miwili iko nyuma ya mgongo.

Risper alikuwa akilia tangu bibi kizee. Mkono ule aliujua. Kwao Kakamega mama hapimi homa kwa kiganja, kwa sababu kiganja cha mwanamke kimepikwa na kazi, hakisikii. Hupima kwa mgongo wa mkono, hivyo hivyo, kwenye paji. Yeye alikuwa akimpima mwanawe Joy hivyo. Na mvua za mwaka uliopita Joy alilazwa kwa malaria, akatundikiwa maji, akapona na kurudi nyumbani, ndipo Risper akaambiwa. "Hatukutaka uhangaike," mama yake alisema. Siku mtoto wake alipokuwa akiungua kwa homa, yeye alikuwa akikanda unga wa sambusa hapa hapa kwenye hii meza. Jambo hilo lilikuwa bado limemkaa rohoni, hajalimeza wala hajalitema.

Alipanda juu ya paa kuanua nguo, akarekodi uhakiki wake hapo, kati ya mashuka.

"Ate, tulia. Hakuna tusi. Huyu mtoto ana homa. Ana homa kitabu kizima. Kila mkubwa akipita anamshikisha paji la uso, kama kusema niguse, ninaungua, na wao wanamgusa na kwenda zao, hakuna anayekaa. Halafu mama anarudi. Na mama akirudi, mtoto haombi tena kuguswa. Amesimama wima. Amepona, Ate. Wewe ndiye uliyekuwa dawa. Nampa sambusa nne, na unajua mimi sigawi ovyo. Ya tano nimemnyima kwa sababu mwishoni amechoka. Amechora mikono vizuri sana mwanzo hadi karibu na mwisho, halafu ukurasa wa mwisho anaificha nyuma. Huo ni uvivu. Mwambie mkono ni kazi, asiukimbie."

Marivic alijibu kwa kilio kilichochanganyika na kicheko, hata maneno hayakusikika. Baadaye aliandika kwamba ameutuma ujumbe ule kwa Althea kama ulivyo. Alikuwa amepata cha kumwambia binti yake kisichokuwa pole wala samahani. Althea aliusikiliza, alama ilionyesha hivyo. Hakujibu. Hata dole gumba hakutuma.

Shule zilipofungwa, familia ilikwenda Jeddah, na Risper akachukuliwa pamoja na mizigo. Njia nzima alikipakata kitabu ndani ya mkoba. Walipofika Al-Nuzha, joto la unyevu likamvaa hata kabla hajashuka garini, na Marivic akatokea mlango wa jikoni akiwa amekonda, ananuka poda ya watoto. Walikumbatiana. Kuna watu ambao ukiwaona ndipo unapojua ulivyokuwa na njaa nao.

Mapacha walipolala, Marivic aliketi kwenye meza ya jikoni, akafuta mikono kwenye gauni na kukifungua kitabu. Ukurasa wa kwanza alitabasamu, akagusa nywele za mtoto wa kwenye picha. Wa pili, tabasamu likapungua. Baada ya hapo alifungua polepole, kisha polepole zaidi. Alipofika mwisho aliweka kidole kwenye viwiko vya msichana na kukiacha hapo.

"Risper," alisema. "Homa mafi. Hakuna homa."

"Mafi vipi, Ate? Si nimeona?"

Marivic alisimama. Aliuchukua mkono wa Risper, akainama, na kuuweka mgongo wake kwenye paji la uso wake mwenyewe. "Hivi ndivyo kwetu mtoto anavyosalimu mkubwa. Anaomba baraka. Kwa bibi, kwa mama wa ubatizo, kwa mwalimu, hata kwa jirani usiyempenda. Ukiingia nyumbani, mtoto anakuja kuchukua mkono wako."

"Na huyu wa mwisho?"

"Huyu wa mwisho ameunyoosha mwenyewe, na mtoto hautaki."

Risper aliketi. Alihisi uso unawaka. Alikuwa amemwambia rafiki yake kwamba amesamehewa, na kumbe alikuwa amefungiwa mlango mbele ya watu wote walionunua kitabu. Na si hivyo tu, alikuwa amemwambia msichana aliyeumia kwamba amepona, kisha akamkosoa mchoro.

"Nisamehe, Ate."

"Ni mimi niliyekutuma," Marivic alisema. "Na nilitaka uniambie hivyo hivyo." Akaenda kuosha chupa za maziwa, akaziosha hata zile zilizokuwa safi.

Siku zilizobaki walifanya kazi bega kwa bega. Walizungumza juu ya mapacha, juu ya madam hawa wawili na ubahili wao wa sabuni, juu ya kila kitu isipokuwa kile kitabu. Kwenye kundi wenzake waliuliza uhakiki mwingine uko wapi, Risper akajibu kwamba ameacha kazi hiyo, halas, atafutwe mwingine. Walidhani anatania.

Asubuhi ya kurudi Riyadh, Duncan alikuwa akipakia masanduku garini, na Risper alikuwa amekwisha tundika mkoba begani, simu ya Marivic ilipolia juu ya meza. Wote wawili waliliona jina. Marivic alikuwa akiosha mchele. Alitoa mkono kwenye maji, akaisukuma simu upande wa pili kwa kidole kimoja.

"Soma wewe."

"Mimi tena? Ate, haki, baada ya ile aibu?"

"Soma. Mimi naogopa."

Risper aliifungua. Kulikuwa na picha na maneno ya Kiingereza chini yake, akayasoma kwa sauti. "Mwambie yule shangazi Mkenya kwamba mtoto hakuwa na homa. Nimemsikiliza mara nyingi, nilikasirika, kisha nikaacha kukasirika. Na mwambie mimi si mvivu. Mikono niliichora. Ukurasa huu niliutoa kabla ya kwenda fotokopi."

Aliikuza picha. Ni mlango ule ule, ni msichana yule yule, lakini sasa anaonekana kwa nyuma. Mbali kidogo, juu ya bega lake, mama alikuwa mdogo na sanduku lake, mkono bado ameunyoosha. Na hapa karibu, mbele kabisa, ilikuwapo mikono.

Safari hii Risper hakuharakisha. Aliangalia vidole, kimoja kimoja, kama alivyofundishwa.

"Mkono wa kulia umefunguka," alisema. "Unataka kwenda. Umeanza kupanda."

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto umeukamata. Umeushika hapa kwenye kifundo, Ate, tazama, vidole vimezama kwenye nyama. Anajizuia. Mtu asiyetaka hajishiki kwa nguvu hivi." Aliigeuza simu imwelekee Marivic. "Nisiposoma vibaya tena, huyu mtoto anakutaka."

Marivic aliitazama picha bila kuigusa, maji ya mchele yakimdondoka vidoleni. Nje Duncan alipiga honi na kuita, "Yalla, Mama Joy, tunaachwa na jua." Marivic alikausha mkono wake kwenye gauni, taratibu, mbele na nyuma. Kisha akaunyoosha juu ya meza, mgongo ukiwa juu, vidole vimelegea, kama mkubwa anavyofanya kwa mtoto ambaye bado yuko mlangoni. Akauacha hapo.

Risper aliweka mkoba chini. Akazunguka meza, akauchukua mkono ule kwa mikono yake miwili, akainama na kuuweka kwenye paji la uso wake. Ulikuwa wa baridi kwa maji, na ulikuwa mzito.

"Mafi homa," Marivic alisema, lakini hakuutoa, na honi ikalia tena.